Historia ya Kupunguza Dawa katika Tiba ya Urtikaria Sugu

Urtikaria sugu ni ugonjwa wa ngozi unaomletea mgonjwa mabaka yaliyovimba na yenye mwasho mkali, ambayo kila moja hufifia ndani ya saa 24 bila kuacha kovu huku mengine yakichomoza mahali pengine, na ambao huitwa sugu hali hiyo ikiendelea kwa zaidi ya wiki 6. Historia ya tiba yake husimuliwa zaidi kwa kufuata uvumbuzi wa dawa, ilhali namna matabibu walivyojifunza kuziondoa dawa hizo mgonjwa anapotulia ni elimu iliyochelewa na isiyopewa uzito unaostahili.

Mwaka 1910 Henry Dale na Patrick Laidlaw, wakiwa Uingereza, walieleza athari za histamini, kemikali ambayo baadaye ilithibitika kuwa imo ndani ya tishu za mwili wenyewe. Thomas Lewis, katika kitabu chake cha mwaka 1927, alieleza kwamba ngozi ikikwaruzwa kwa nguvu hutokeza kwanza mstari mwekundu, kisha wekundu unaotanuka pembeni mwake, na mwishowe uvimbe ulioinuka, na akahitimisha kwamba ngozi iliyoguswa hivyo huachilia kitu kinachofanya kazi kama histamini. Daniel Bovet na Anne-Marie Staub wa Institut Pasteur mjini Paris walipata mwaka 1937 kemikali ya kwanza ya kuizuia histamini, ingawa ilikuwa na sumu mno kwa binadamu, na dawa za kutumiwa na wagonjwa zikafuata katika miaka ya 1940. Miongoni mwazo ni klofenamini, ambayo wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanaifahamu kwa jina la Piriton. Kwa kuwa dawa hizo za kizazi cha kwanza zilileta usingizi na nguvu zake hazikudumu, swali la kuzipunguza kwa utaratibu halikuwa na uzito mkubwa.

Uzito huo ulianza kuonekana kwa dawa ya aina nyingine kabisa. Kotisoni, ambayo Philip Hench na wenzake waliijaribu kwa mgonjwa wa baridi yabisi mwaka 1948 huko Marekani, ilituliza uvimbe kwa kasi iliyowashangaza madaktari, na dawa za jamii yake, yaani steroidi, zikaingia pia katika tiba ya magonjwa ya ngozi. Lakini mwaka 1952 iliripotiwa habari ya mgonjwa aliyetumia kotisoni kwa muda mrefu, ambaye alifariki baada ya upasuaji na kukutwa tezi zake za adrenali, zilizo juu ya figo na zinazotengeneza homoni za namna hiyo, zimesinyaa. Tukio hilo na mengine yaliyofanana nalo yaliwafundisha matabibu kwamba mwili uliozoea kuletewa homoni kutoka nje huhitaji muda kabla ya kujitegemea tena, na hivyo dozi ikapaswa kushushwa hatua kwa hatua. Ni sababu mojawapo ya steroidi kubaki katika urtikaria sugu kama msaada wa siku chache tu.

Antihistamini, yaani dawa za kuizuia histamini, za kizazi cha pili, kama vile setirizini na loratadini zilizoenea tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, ndizo zilizoleta desturi ya kidonge cha kila siku kwa miezi na miaka, kwa sababu hazileti usingizi mwingi, na miongozo ya kimataifa ikaja kuruhusu daktari kuongeza dozi hadi mara 4 ya ile ya kawaida. Hata hivyo, dawa hizi huizuia histamini isifanye kazi yake bila kukiondoa kisababishi cha kuachiliwa kwake. Mwaka 1993 kundi lililowajumuisha Michihiro Hide na Malcolm Greaves lilionyesha kwamba kwa baadhi ya wagonjwa kisababishi hicho ni kingamwili za mgonjwa mwenyewe, zinazozichokoza seli zenye akiba ya histamini. Ugonjwa kwa kawaida huisha wenyewe baada ya miaka kadhaa, na utulivu unaoonekana chini ya dawa hausemi kama umekwisha au umefunikwa tu. Kwa hiyo kupunguza dozi ndicho kipimo pekee cha kweli cha jambo hilo.

Ili kipimo hicho kiaminike, ilibidi utulivu wenyewe uhesabiwe. Mgonjwa hujaza kila siku alama 0 hadi 3 kwa idadi ya mabaka, ambapo alama 3 ni mabaka zaidi ya 50, na alama 0 hadi 3 kwa ukali wa mwasho, hivi kwamba jumla ya wiki nzima haizidi 42, na anayepata 0 ndiye aliyetulia kikamilifu. Omalizumabu, sindano iliyoidhinishwa kwa ugonjwa huu mwaka 2014, ilipimwa kwa njia hiyo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018: miongoni mwa wagonjwa waliokuwa wametulia kisha wakabadilishiwa sindano isiyo na dawa, takribani 60 kwa kila 100 walizidiwa tena, ilhali kwa walioendelea na dawa walikuwa 21. Mwongozo wa kimataifa uliotolewa miaka michache baadaye ulishauri dawa itolewe kwa kiasi kinachohitajika na kwa uchache unaowezekana, ikipanda na kushuka kulingana na mwenendo wa ugonjwa.

Mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha kwamba wachache wanaoacha ghafla setirizini au levosetirizini, dawa ya jamii hiyo hiyo, baada ya kuzitumia kwa muda mrefu hupata mwasho mkali ndani ya siku chache, hata wale ambao hawakuwa na mwasho kabla ya kuanza dawa. Mwasho huo waweza kudhaniwa kuwa ni ugonjwa uliorejea, na mtu akafungwa na kidonge asichokihitaji tena, ingawa wengi wa walioripotiwa walipata nafuu walipoirudia dawa, na baadhi yao waliweza kuiacha kwa kuishusha polepole.