El Niño Ilianza na Samaki, Sio Mafuriko

Kwetu ukitaja El Niño, kila mtu anafikiria mvua. Mama akianza stori za 1997, ni daraja limebebwa, ni barabara imekatika, ni watu kulala juu ya meza. Mimi sikuwa nimezaliwa. Nimekua nikijua El Niño ni mvua kubwa, basi.

Kumbe jina lilitoka kwa wavuvi. Wavuvi wa Peru, kule Amerika ya Kusini, waliona kwamba miaka mingine Krismasi ikikaribia, bahari yao inapata joto na samaki wanapotea. Wakaiita El Niño, yaani Mtoto Yesu.

Bahari ya Peru ni baridi, na hiyo baridi ndiyo mali yao. Upepo unasukuma maji ya juu mbali na pwani, maji ya chini yanapanda yakiwa na mbolea, vijimea vidogo sana vinanawiri, na vinalisha anchoveta. Huyu ni samaki mdogo, wa kulala kwenye kiganja. Mwite omena wa kwao, ingawa hawa wawili si ndugu. El Niño ikija, maji ya joto yanatandaza kama blanketi nene. Mbolea inabaki chini, na huku juu ni njaa.

Miaka ya 1950 watu waligundua anchoveta ana pesa. Dagaa wa California walikuwa wameisha, na mitambo ya viwanda vya huko ikauzwa Peru. (Hapo tu mtu angejiuliza swali.) Kufikia 1970 Peru ilikuwa inavua zaidi ya tani milioni 12 kwa mwaka, kuliko nchi yoyote duniani. Na hawakuwa wanakula! Karibu wote walisagwa unga wa kulisha kuku na nguruwe wa Ulaya na Marekani. Wataalamu walisema tani milioni 9.5 zinatosha. Nani alisikia?

Ndege wa baharini walikuwa wameshatoa ripoti mapema. El Niño ya 1957 iliwaua kwa mamilioni, ile ya 1965 ikawaua tena, na safari hiyo hawakurudi kwa wingi kama zamani. Chakula chao kilikuwa kinapakiwa kwenye maboti.

Sasa sikia venye ilikuwa 1972. Joto lilipoingia, anchoveta walikimbilia vipande vya maji baridi vilivyobaki karibu na ufuo, wakajibana hapo. Nyavu zikajaa kuliko kawaida! Kama ungekuwa mvuvi asubuhi hiyo ungesema bahari imebarikiwa. Ukweli ni kwamba walikuwa wanavua wazazi wa mwisho, na samaki wachanga wa kuwarithi karibu hawakuwepo. Mwaka uliofuata Peru ilipata karibu tani milioni 2 tu. Serikali ikachukua viwanda vyote 1973, lakini ukichukua kiwanda hauchukui samaki. Anchoveta walirudi kwa nguvu miaka ya 1990.

Watu wengi wanalaumu joto. Mimi sikubali, angalau si nusu nzima ya lawama. El Niño zilikuja miaka na miaka na anchoveta akarudi kila mara. Kilichobadilika ni idadi ya maboti yaliyomsubiri.

Na ile El Niño ya mama? Mvua iliisha, lakini mapema 1998 Bahari ya Hindi ilipata joto hadi matumbawe ya Pwani yetu yakageuka meupe, na mengi yakafa. Humo ndimo tafi na changu wanajificha na kula. Hiyo stori sijawahi kusikia nyumbani, kwa sababu sisi ni watu wa bara na haikubeba daraja letu.

Juzi nilikuwa duka la chakula cha mifugo. Kwenye kona, magunia ya omena, marefu kuniliko. Nikauliza ni ya nani. Jamaa akacheka: "Ya kuku, boss. Siku hizi inashika sana."