Nyoka wa Nyumbani na Maana ya Neno 'Kufuga'

Mtaa wa Jebel, ulioko magharibi ya mji wa Juba, umepata jina lake kutokana na mlima ulio karibu nao, kwani jebel kwa Kiarabu ni mlima. Mwalimu wa Kiswahili akifundisha huko methali isemayo 'Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka', wanafunzi hawatashindwa kuielewa. Lakini akiuliza, 'Je, nyoka hufugwa?', yamkini majibu yatatofautiana, maana Sudan Kusini ina historia yake na nyoka.

Mtaalamu wa mimea Georg Schweinfurth alisafiri katika nchi za Bahr el Ghazal katika safari yake ya 1868 hadi 1871. Katika kitabu chake kilichotoka 1874 alieleza kwamba Wadinka waliwaita nyoka ndugu zao, na kumwua nyoka lilikuwa kosa kubwa. Aliarifiwa pia kwamba mwenye nyumba aliwajua nyoka wake mmoja mmoja, akiwaita kwa majina. Chatu ndiye aliyeonekana zaidi.

Habari hizo zatupasa kuzisoma kwa uangalifu. Nyoka hao hawakutiwa kizimbani. Bila shaka walijitafutia mawindo wenyewe, wakaota jua walipotaka, wakaondoka walipochoka. Kwa hiyo swali la kwa nini nyoka hali halikuwa na nafasi kubwa.

Swali hilo limekuja pamoja na sanduku. Mtu amwekaye chatu ndani ya sanduku hulalamika kwamba amekataa panya, anajificha, tena amekuwa mkali. Huenda ni ugonjwa, lakini mara nyingi sivyo. Nyoka hutegemea joto la mahali alipo. Akipoa, chakula hakisagiki tumboni, na pengine hukitapika. Akikaribia kujivua gamba, macho huingia ukungu, naye hususa chakula na kuwa mwepesi wa kuuma. Chatu mkubwa aweza kukaa miezi bila kula. Chatu jike naye hujiviringisha juu ya mayai yake kwa muda wa miezi mitatu hivi, na kwa kawaida hali kitu.

Mfano wa karibu tunao Kenya, kwa Wajaluo, ambao asili yao yarudi Sudan Kusini. Huko Nyakach, karibu na Ziwa Victoria, chatu aliyeitwa Omieri aliheshimiwa kuwa mleta mvua na mavuno. Mwaka 1987 aliungua katika moto wa nyika, akapelekwa Nairobi kutibiwa, akafa huko. Mwaka 2003 chatu mwingine, aliyepewa jina lilo hilo, alitokea Nyakach akiwa na mayai, na watu wakabishana: ahamishwe au aachwe? Waliotaka aachwe hawakuwa wajinga, maana jike anayelalia mayai hahitaji kulishwa, ahitaji kutosumbuliwa.

Basi tuwaelezeje wanafunzi wetu? Neno 'kufuga' hubeba maana ya kumweka mnyama chini ya mkono wetu, kumlisha na kumzalisha. Tukisema Wadinka 'walifuga' nyoka, twawapa sanduku ambalo hawakuwa nalo. Afadhali tuseme walikaa nao. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo tofauti ya nyoka anayekula na nyoka anayesusa.