Kuhamisha mkanda wa deki kwenye kompyuta: chunga sauti kwanza

Nina mkanda wa VHS wa harusi ya mwaka 1996, uani kwetu Shimo la Udongo, hapa hapa Kurasini. Nyumba haipo tena, eneo lile lilichukuliwa kwa mradi wa kituo cha biashara, watu wakalipwa fidia wakahama. Mzee naye hayupo. Sauti yake imebaki kwenye huo mkanda tu, dakika kumi hivi akiwausia maharusi. Na bado mara ya kwanza nikaboronga!

Vifaa ni vichache: deki nzima, waya zile za njano, nyeupe na nyekundu, na kifaa cha USB cha kunasia video. Deki zinazidi kuwa adimu. Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuzitengeneza, iliacha Julai 2016, kwa hiyo ukiwa nayo itunze. Na huku kwetu karibu na bahari, kanda zinaota ukungu mweupe. Ukiuona usiutumbukize mkanda hivyo hivyo, utachafua kichwa cha deki na kanda zinazofuata.

Njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti. Deki nyingi za zamani zina tundu moja tu la sauti. Chomeka nyeupe, acha nyekundu ining'inie. Sauti itatoka upande wa kushoto peke yake, usihangaike, utainakili kulia baadaye wakati wa kuhariri.

Sasa kosa langu. Programu ya kunasia inataka uchague vitu viwili, chanzo cha picha na chanzo cha sauti. Mimi nilichagua picha tu. Sauti kompyuta ikajichagulia yenyewe maikrofoni ya laptopu. Nikanasa dakika 40 za harusi yenye honi za malori ya bandarini na jirani akigombana na muuza maji, kwi kwi kwi. Mzee anafungua mdomo, halafu linalia lori. Na mkanda ule ulishaanza kukwaruza, haukuwa wa kuchezwa chezwa.

Kwa hiyo chagua kile kifaa cha USB kwenye picha NA kwenye sauti. Kwenye Windows 10 na 11 ingia pia kwenye mipangilio ya faragha, uruhusu programu zitumie maikrofoni, maana hata sauti ya kifaa inapita mlango huo huo. Weka 48 kHz. Angalia mshale wa sauti: ukigonga mwisho kwenye vigelegele, punguza, sauti iliyopasuka haishoneki. Kama una tundu la maikrofoni tu usichomeke deki humo, ni la sauti ndogo na itapasuka. Jaribu kwa dakika mbili, ukitumia mkanda usio na thamani, kisha sikiliza faili lenyewe kwa hedifoni. Usiridhike na unachosikia wakati wa kunasa.

Picha ina mambo yake. Ikiwa buluu au nyeusi, umechagua S-Video badala ya waya wa njano, au kuna programu nyingine imekishika kifaa. Ikiwa haina rangi au inarukaruka, kagua mfumo: kanda za kwetu ni PAL, mistari 625, picha 25 kwa sekunde, unanasa 720 kwa 576. Mkanda uliotumwa na ndugu wa Marekani ni NTSC, huo ni 720 kwa 480, na deki nayo iwe inaukubali.

Umbo liwe 4:3. Ukiivuta ijaze kioo kipana, bibi harusi anakuwa bonge bure. Ile mistari kama meno ya kitana, watu wanapopiga hatua, si ubovu. Nasa ilivyo, utaiondoa baadaye kwenye nakala. Na funga programu nyingine zote, kompyuta ikizidiwa inadondosha picha, sauti na midomo vinaanza kuachana.

Mara ya pili niliweka yote hayo, nikafunga dirisha, nikasubiri umeme usikatike. Dakika ya 31 mzee anakohoa kwanza, ndipo anaanza.