Sikukuu za Ujiji na Mwili wa Bi Harusi



Mfungo mosi ni mwezi wa harusi. Iddi haijapoa, kadi zimeshafika. Kila tunakoingia kuna biriani, kaimati na soda, na kukataa tunaona haya. Bi harusi naye anajinyima mpaka kichwa kinamzunguka, maana gauni limeshashonwa. Halafu lawama zote tunaipa Iddi. Kabla ya kuilaumu, twendeni Ujiji, mji wa Kiislamu kando ya Ziwa Tanganyika ambao wazee wa pwani na visiwani waliufikia kwa miguu.

Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni zaidi ya kilomita 1,000. Burton na Speke, wakiongozana na Sidi Mubarak Bombay, waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Ujiji Februari 1858. Wanawake nao walitembea katika misafara, wamebeba vyungu na watoto. Tusisahau kwamba wengi walipitishwa njia hiyo wakiwa watumwa, bila hiari yao. Katika miaka ya 1870, chini ya Mwinyi Kheri, Ujiji ulikuwa mji wa biashara wenye Waislamu wengi. Waislamu wa kata kama Buzebazeba, katika Manispaa ya Kigoma Ujiji ya leo, ni warithi wa historia hiyo.

Walikula nini? Ugali wa muhogo, kisamvu, maharage, migebuka na dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Zamani mitumbwi iliwasha moto wa kuni ili samaki waufuate mwanga. Iddi el-Fitri huja mwezi ukiwa mchanga na usiku bado giza, kwa hiyo sikukuu ilikutana na msimu wa dagaa wa mwezi ule. Mafuta yalikuwa mawese, yaliyotwangwa na kukamuliwa kwa jasho. Mawese mekundu yana asili ya vitamini A, lakini ni mafuta mazito, na kijiko kikubwa cha mafuta yoyote kina kalori 120 hivi. Aliyeyatwanga mwenyewe hakuyamimina ovyo.

Mwaka 1914 reli ya kati ilifika Kigoma. Bidhaa za pwani hazikuhitaji tena kubebwa kichwani, na aliyekuwa akitembea miezi sasa akapanda gari moshi. Ni neema, alhamdulillahi. Lakini mwendo ulipungua huku sukari na unga wa ngano vikizidi kuwa karibu, na mambo ni hayo hayo kwetu visiwani. Leo soda moja ya mililita 300 ina sukari kama vijiko saba vya chai, nasi tunakunywa ya Iddi, ya kesha na ya harusi.

Kwa hiyo siku moja ya Iddi haina kosa. Siku ya Iddi kufunga ni haramu. Tule na tufurahi. Tatizo ni kuigeuza siku hiyo kuwa mwezi mzima. Mtume wetu (s.a.w.) alitufundisha theluthi ya tumbo kwa chakula, theluthi kwa maji na theluthi kwa pumzi, na akatuhimiza kufunga siku sita za Shawwal baada ya Iddi.

Basi tufanye hivi: karamuni tuanze na samaki na mboga, wali uwe kidogo, maji yachukue nafasi ya soda, na harusi ya mtaa wa pili tuiendee kwa miguu. Siku zisizo na karamu, turudi kwenye dagaa na kisamvu.

Nawe bi harusi, usijinyime chakula. Gauni hupanuliwa na fundi kwa saa moja, lakini mwili uliodhoofishwa kwa njaa hauponi upesi hivyo. Kama una kisukari, presha au ujauzito, muulize daktari kabla ya kufunga sita.

Allah azibariki ndoa zenu na awape afya. Amin.