Cheti cha Maziwa na Kunde

Nilipokuwa muuguzi wodi ya watoto, siku mtoto wa unyafuzi aliporuhusiwa niliandika kwenye faili: "Mama ameshauriwa lishe bora." Nimeyaandika maneno hayo mara nyingi mno. Mama aliitikia, akambeba mwanawe mgongoni, na sote wawili tulijua nyumbani hakuna kitu.

Ndiyo maana habari ya Mound Bayou imenikaa moyoni. Ni mji mdogo wa Mississippi, Marekani, ulioanzishwa mwaka 1887 na watu Weusi waliotoka utumwani. Miaka ya 1960 mashine za kuvuna pamba na dawa za magugu ziliwanyang'anya kazi vibarua wa Bolivar, wilaya ulipo mji huo. Stempu za chakula za serikali zilikuwepo, lakini zilinunuliwa kwa fedha taslimu, na fedha hawakuwa nazo.

Mwaka 1967 daktari Jack Geiger na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tufts walifungua kituo cha afya hapo. Walipoona watoto wamedhoofu kwa njaa, waliandika chakula kwenye cheti, kama unavyoandika dawa: maziwa, mboga, nyama. Mzazi alikipeleka cheti kwa mwenye duka, akapewa chakula, na deni likalipwa kutoka fungu la dawa la kituo.

Wakubwa wa serikali waliotoa fedha wakaja juu: fungu la dawa ni la dawa! Geiger akawajibu kwamba vitabu vya udaktari vinataja tiba ya utapiamlo, nayo ni chakula. Natamani ningekuwa na ujasiri huo mbele ya mfamasia wetu.

Na jibu hilo lilikuwa na asili Afrika. Mwaka 1957, akiwa bado mwanafunzi, Geiger alikwenda Pholela, Natal, Afrika Kusini, kujifunza kwa Sidney na Emily Kark, ambao katika kituo chao bustani ya mboga ilikuwa sehemu ya matibabu.

Watu wa Bolivar hawakutaka kuishi kwa vyeti. Wakisaidiwa na John Hatch, mwenzake Geiger kituoni, waliunda ushirika wa shamba, na waliozoea kuchuma pamba ya wengine wakavuna kunde, viazi vitamu na mboga za majani za watoto wao. L. C. Dorsey, mtoto wa wakulima waliolima kwa kugawana mavuno na mwenye shamba, aliuongoza ushirika huo. Miaka ya baadaye alirudi kukiongoza kituo chenyewe cha Mound Bayou.