Mshahara wa Notisi na Moyo Uliovunjika

Oktoba 1905, meneja wa Gramophone Company mjini Calcutta, Bwana Addis, alipewa notisi ya miezi sita. Alikuwa akilipwa pauni 15 kwa wiki pamoja na kamisheni, na mkataba uliiruhusu kampuni kumwachisha kwa notisi hiyo. Lakini miezi yenyewe hakuachiwa aitumikie. Mtu mwingine aliwekwa papo hapo kushika nafasi yake, naye akazuiwa kuendesha biashara aliyokabidhiwa. Desemba alikuwa amekwisha kurudi Uingereza.

Akaishtaki kampuni. Juri likampa pauni 600 kwa kufukuzwa kwake, na nyingine 340 za kamisheni. Kesi ikapanda hadi Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, na mwaka 1909 jibu likatoka: alipwe mshahara wa notisi na kamisheni ambayo angeipata, basi. Ukali wa kufukuzwa kwake, uchungu wa kuaibishwa, tabu ya kutafuta kazi nyingine baada ya hapo, vyote havikuhesabiwa. Lord Collins peke yake alipinga, na ukiisoma kesi hiyo leo ni vigumu kutomuunga mkono.

Uamuzi huo haukubaki London. Kenya ilikuwa imepokea sheria za Kiingereza kwa tarehe ya 12 Agosti 1897, na Tanganyika ikazipokea kwa tarehe ya 22 Julai 1920. Kwa miaka mingi, aliyefukuzwa kazi kwa matusi Nairobi au Mombasa alikuwa na wakili anayejua mapema hesabu itaishia wapi: mshahara wa notisi na malimbikizo.

Kwa kibarua Mwafrika hata hesabu hiyo ilikuwa ndoto. Sheria ya mabwana na watumishi, iliyopitishwa Kenya mwaka 1906, ilifanya kutoroka kazini kuwa kosa la jinai. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kikaja kipande: karatasi yenye alama za vidole, ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Mwajiri ndiye aliyeandika humo siku mtu alipoanza kazi, mshahara wake, na siku alipoachiliwa. Akigoma kutia sahihi, mtu huyo hakuweza kuajiriwa kwingine kihalali. Aliyenyanyaswa alibeba shingoni kalamu ya aliyemnyanyasa, na kumshtaki kwa kumvunja moyo lilikuwa jambo lisilofikirika.

Uingereza yenyewe ilichelewa sana kubadilika. Mwaka 1994 mahakama iliamua kesi ya John Walker, ofisa wa ustawi wa jamii huko Northumberland aliyesimamia mashauri ya watoto wanaoteswa. Alizidiwa na kazi akaugua akili mwaka 1986. Aliporudi mwaka uliofuata aliahidiwa msaidizi, msaidizi akaondolewa baada ya muda mfupi, naye akaugua tena. Jaji alisema mwajiri aliyekwisha kuona ugonjwa wa kwanza alipaswa kuuona wa pili ukija. Hapo akili ya mfanyakazi ikapata ulinzi ambao awali ulikuwa wa mwili wake tu.

Uonevu wenyewe ulikamatwa kwa sheria ya mwaka 1997 iliyotungwa kwa ajili ya watu wanaowafuatafuata wengine mitaani. Julai 2006 Baraza la Malodi likakubali kwamba mwajiri anaweza kuwajibika chini ya sheria hiyo kwa maovu ya wafanyakazi wake. Mwezi uliofuata, mwanamke aliyefanya kazi katika benki moja kubwa mjini London alipewa zaidi ya pauni 800,000. Wenzake walikuwa wakimtolea sauti chafu za mdomo kila anapopiga hatua, wakificha barua zake na kulifuta jina lake katika orodha za wanaopelekewa nyaraka. Wakubwa hawakuwakomesha.

Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 iliruhusu fidia ya hadi mishahara ya miezi 12 kwa aliyeachishwa kazi isivyo haki, na Katiba ya 2010 ikaongeza ibara ya 28 juu ya utu na ya 41 juu ya haki kazini. Juni 2019, mjini Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 190 unaotaja wazi madhara ya kisaikolojia. Sheria ile ya Uingereza ya 1997 hudai uonevu uwe umetokea angalau mara mbili. Kwa mkataba huu, hata tendo moja linatosha.