Buibui wa kwetu yuko Riyadh

Mwenzangu wa chumbani hapa Riyadh anafuga buibui. Si lile vazi, ni mdudu mwenye manyoya! Alisusa kula, juzi akalala chali, tukajua anakufa. Nikampigia kaka yetu wa Jeddah, mfugaji mzoefu. Akasema anajivua gamba, msimguse.

Kumbe ni mtu wa kwetu, Kenya na Tanzania! Mwingereza Pocock alimpa jina la kisayansi, Pterinochilus murinus, mwaka 1897, reli ya kutoka Mombasa ikijengwa. Wa rangi ya chungwa wafugaji humwita Usambara. Sisi tunamponda kwa kandambili, wenzetu wanamnunua.

Sasa kasimama, ila meno bado meupe, laini. Hapewi mende mpaka yawe meusi.